Kitabu cha Bei cha Yotham Ndahani

Yotham Ndahani alikuwa mtu wa kusoma. Hilo alikwambia mwenyewe kabla hujamuuliza, na alipozeeka alilisema huku akicheka, maana kusoma ndiko kulikomletea aibu kubwa kuliko zote alizopata maishani.

Herufi alizipata kwa wamisionari wa Mpwapwa. Reli ya Wajerumani ilipofika Dodoma, akahamia huko na mkewe Loisi, akapata kazi ya kuosha vyombo kwenye nyumba ya wageni karibu na stesheni. Kijerumani chote alichokijua kilikuwa njoo, nenda, upesi, na neno la bei, ambalo alilisikia sokoni kila siku.

Siku moja mgeni aliyekuwa akiwahi gari la moshi la Tabora alisahau kitabu chini ya kitanda. Kilitoka kwenye duka fulani la Ulaya lililouza vitu vya zamani vya Waafrika. Ndani mlikuwa na picha za vigoda, malimba, mikuki na ngao, na juu ya kila picha namba nene nyeusi. Jaladani Yotham akaliona lile neno lake la bei. Akakaa chini palepale, sahani zikiwa hazijaoshwa, akasoma: kigoda cha miguu mitatu, 214. Ngao ya ngozi, 8. Kule kwao Yotham vigoda vya namna ile kuku walilalia.

Kuanzia hapo hakuonekana bila kitabu kwapani. Watu wakamletea vitu vya babu zao avitambue na kuvitajia thamani. Yotham alivigonga mara tatu kwa kidole, akavinusa, akafumba macho kidogo, ndipo akafungua ukurasa. Hakujua ananusa nini. Aliwahi kumwona mzungu mmoja akinusa kibuyu kikuukuu, akadhani ndiyo elimu yenyewe. Baadaye sana aliambiwa kwamba yule mzungu alikuwa anatafuta pombe.

Mtu mmoja tu alimtilia shaka, Khamisi, Mrangi wa Kondoa aliyekuwa akiuza chumvi sokoni. Alikitazama kitabu kwa muda mrefu.

"Ndugu yangu," alisema, "kigoda hiki mia mbili na kumi na nne. Cha pili yake mia mbili na kumi na tano. Kinachofuata mia mbili na kumi na sita. Bei gani hizi zinafuatana kama siafu?"

"Wamevipanga kwa uzuri," Yotham akamjibu. "Kila kimoja kinamzidi mwenzake kidogo."

Khamisi akarudi kwenye chumvi yake. Yotham alimhurumia kwa kutojua kusoma.

Ndani ya miezi miwili alikuwa amekusanya vigoda kumi na tatu, akitoa kuku hapa, jembe kule, na mara moja shuka la Loisi ambalo Loisi hakuulizwa. Cha kumi na nne alikifuata kijiji cha Zuzu, kwa mjane aitwaye Anyesi. Kilikuwa kizee, cheusi kwa moshi. Yotham akatoa mbuzi wa maziwa pamoja na mwanawe.

Bibi Anyesi alimtazama mbuzi, akakitazama kigoda, akaona haya kidogo.

"Mjukuu wangu, umenipa kingi mno. Chukua na ngao ya marehemu mume wangu. Inanijazia nyumba tu."

Yotham akafungua kitabu kwa upole wa daktari. "Ngao ni nane, bibi. Haifai hata kuibeba. Itumie kufunikia kihenge cha mtama."

Akaondoka na kigoda kichwani, akijiona mkarimu kwa ushauri ule.

Wiki iliyofuata akashuka stesheni Bwana Lohse, Mjerumani aliyezunguka nchini akinunua vitu vya zamani kwa ajili ya wenye kuvikusanya kwao. Yotham alivipanga vigoda vyake kumi na vinne barazani, akavipaka mafuta ving'ae. Bwana Lohse, aliyejua Kiswahili vizuri, alivipita kama mtu apitavyo kuni.

"Rupia moja kwa kila viwili," alisema. "Na kwa hayo mafuta umeviharibu."

Yotham akatabasamu. Saa yake ilikuwa imefika. Alifungua kitabu, akaweka kidole juu ya namba. "Bwana, kitabu chenu wenyewe kinasema mia mbili na kumi na nne."

Bwana Lohse alikitazama kidole, akamtazama mwenye kidole, akaketi kwenye kigoda kimojawapo ili acheke vizuri. Alipopata pumzi akamwonyesha. Namba nene ilikuwa ya picha, ya kumwezesha mnunuzi kuagiza. Bei ilikuwa mwisho wa mstari, kwa herufi ndogo mithili ya chawa. Kigoda, maki nne za Ulaya, yaani rupia tatu. Ngao, maki sitini.

Yotham hakusubiri kusikia zaidi. Alikwenda Zuzu kwa miguu, nusu akikimbia, na njia nzima alijipangia maneno. Angesema amefikiri tena. Angesema ataichukua ile ngao, ili tu kumpunguzia bibi msongamano.

Alimkuta Anyesi akikamua. Bibi alifurahi, akamkalisha, akampa kibuyu cha maziwa ya mbuzi yuleyule. Ngao ilikuwa juu ya kihenge, kama alivyoelekeza. Yotham akanywa. Yale maziwa yalikuwa mazuri. Maneno yote aliyoyapanga yakamtoka kichwani.

"Bibi," alisema hatimaye, "nilisoma vibaya. Ngao ni sitini. Ni kigoda ambacho si kitu."

Anyesi akamvuta mbuzi karibu. "Kwa hiyo umekuja kumdai mbuzi wako."

"Hapana, bibi. Mbuzi ni wako. Nimekuja kukubebea ngao."

Kesho yake wakaingia Dodoma, bibi mbele, Yotham nyuma na ngao mgongoni kama kobe. Bwana Lohse akaigeuza, akaipapasa. Yotham, ambaye kwa kweli alipaswa kunyamaza, akaeleza kwamba ile ni ngozi ya kifaru.

"Kifaru gani?" alisema Anyesi. "Huyu ni dume letu la ng'ombe aliyenasa kwenye matope mwaka ule wa nzige. Nyama tulikula arusini kwangu. Ngozi aliishona shemeji yangu, na hapa mkuki ulipotoboa, mume wangu alipaziba mwenyewe."

Bwana Lohse akatoa daftari, akamwomba aanze tena tangu mwanzo, akaandika kila neno. Kitu ambacho mwenyewe anajua kilikotoka, alisema, thamani yake hupanda. Akataja rupia kumi na tano. Safari hii Yotham alisoma mwisho wa mstari, akamnong'oneza bibi kwa Kigogo. Anyesi akashikilia thelathini, akapewa thelathini. Akanunua ndama wawili, na Yotham akapewa rupia moja, ujira wa mpagazi.

Vigoda havikupata mnunuzi. Loisi alivitazama vikijaza nyumba kwa siku tatu. Siku ya nne akavitoa nje, akavipanga kando ya njia ya stesheni, akateleka chungu cha uji. Wafanyakazi wa reli walipenda kuketi wanapokunywa. Kabla ya masika uji ule uliingiza zaidi ya mshahara wa kuosha vyombo, na Yotham akaacha kazi, akawa mwosha mabakuli wa mkewe.

Jioni alijifunza Kijerumani kwa karani wa stesheni, bakuli moja la uji kwa somo moja. Mwaka ulipopita akaweza kusoma ukurasa wa kwanza wa kitabu, ule ambao hakuwahi kuutazama kwa sababu haukuwa na picha. Akausoma kwa sauti mbele ya wateja wote, akitafsiri neno kwa neno: wanunuzi wanaombwa wasichanganye namba ya picha na bei ya kitu.

Khamisi, aliyekuwa ameketi kwenye kigoda cha Anyesi, alimwomba aurudie mstari huo. Yotham akaurudia, kisha akachukua bakuli tupu la Khamisi akaenda kuliosha.