Mpiga Gitaa wa Mjambere

Habari ilinifikia Jumanne mchana kwa simu ya mkewe. "Shemeji," aliniambia kwa sauti tulivu, "mwenzetu amepumzika. Amekula chakula chake, akajilaza kidogo, hakuamka tena." Wasomaji wangu wa upande wa Kisauni watakuwa wamekwisha kumjua ninayemsema, maana si wengi waliopiga gitaa la jazi kwetu huku nje ya kisiwa cha Mombasa hadi nywele zikawa nyeupe. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana kila siku. Tulikuwa watu wa kujuana, wa kusimamishana njiani na kuchelewesha safari, na kwa kujuana kwa namna hiyo nina haki ya kumlilia kidogo leo.

Nilimwona mara ya kwanza katika hoteli moja ya Nyali, Jumapili adhuhuri, nilipoalikwa chakula na jamaa zangu waliotoka bara. Bendi yao ilikuwa pembeni ya bwawa la kuogelea, na hapana aliyekuwa akiwasikiliza. Wageni walikuwa wakitafuna, watoto wakirushiana maji, wahudumu wakipita na sinia mbele ya kipaza sauti. Naye alikuwa amefumba macho, akiupapasa wimbo kwa upole kama mama anayemsuka mwanawe nywele. Walipopumzika nilimwendea, nikamwuliza kwa nini anajitaabisha hivyo mbele ya watu wasiomtazama. Alicheka. "Mpishi naye hatazamwi, bwana," alinijibu. "Lakini chumvi ikizidi, wote watajua." Tangu siku hiyo tukawa tunasalimiana.

Miaka ikaenda, na hoteli zikabadilika. Meneja mpya aliona kwamba mashine moja yenye nyimbo zilizorekodiwa haili, haiugui wala haiombi likizo, basi bendi ikavunjwa. Wenzake walitawanyika, kila mtu na njia yake. Yeye alipata mkataba wa kupiga katika hoteli moja ya nchi za Ghuba, Uarabuni, akaniambia kwa furaha kwamba hatimaye angepigia watu waliokuja kusikiliza jazi na si kula kamba na samaki. Alikuwa amekwisha kufunga sanduku kiharusi kilipompiga. Alitoka hospitali akitembea kwa mkongojo, na mkono wa kushoto, ule unaobana nyuzi, umejikunja kama ngumi. Mkataba ukaenda kwa mtu mwingine.

Nilipokwenda kumjulia hali nyumbani kwake Mjambere, huko huko Kisauni, nilimkuta ameamua kuliuza gitaa. Mkewe, mwimbaji wa kwaya na muuza nguo za mitumba, alikuwa hataki kusikia habari hiyo. "Haliuzwi," alisema mbele yangu. "Mkono wako haujafa, umelala tu. Nani atauamsha, mnunuzi?" Kila asubuhi, akimaliza chai, mama huyo alimpakatisha mumewe lile gitaa kama anayempa mtoto mchanga, akavifungua vidole kimoja kimoja, ndipo akaenda sokoni. Mumewe aliniambia baadaye kwamba siku nyingi alilia kwa hasira akisikia alivyokuwa akikwaruza nyuzi. Lakini aliendelea, kwanza kwa kumwogopa mkewe, kisha kwa sababu vidole viwili vilianza kutii. Viwili tu. Zile mbio zake za zamani hazikurudi. Akajifunza kuchagua: pale alipokuwa akimimina sauti nyingi, sasa alitia moja, akaiacha itue.

Kanisani kwao waliposikia anapiga tena, walimwomba apige katika ibada ya mavuno. Mzee mmoja wa kanisa alipinga, akasema muziki huo ni wa baa na hautaingia madhabahuni yeye akiwa hai. Mchungaji akamsihi asikilize kwanza. Nilihudhuria siku hiyo. Alianza wimbo wa tenzi ambao kila mtu pale aliujua tangu utotoni, akauzungusha kijazi, polepole, watu wakaanza kutikisa vichwa. Katikati ya ubeti mkono ukakaza. Kimya. Nilimwona jasho likimtiririka, na yule mzee amekunja mikono kifuani. Ndipo kutoka safu ya kwaya mkewe akaushika wimbo, peke yake, bila kusimama wala kumtazama mumewe, akaubeba mpaka vidole vya mumewe vilipolegea, naye akamfuata kwa nyuma. Kanisa zima lilipiga vigelegele. Baada ya ibada mzee alimwendea, macho mekundu. "Ndugu yangu, pale uliponyamaza ndipo nilipoguswa." Mwenzetu akamshika bega: "Mzee, pale sikunyamaza. Nilikwama." Walicheka hadi wakashikana.

Tangu hapo alipiga kila Jumapili, na watu wakawa wanakuja kutoka Likoni na Changamwe kumsikiliza. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa, nami niliona kwa macho yangu. Twapenda kupima kazi ya msanii kwa mbali alikofika. Yeye safari yake kubwa ilivunjika mlangoni, na miaka aliyoipenda kuliko yote ilikuwa hii ya vidole viwili, mwendo mfupi kutoka nyumbani kwake. Aliniambia mwenyewe, wala hakuwa mtu wa kujifariji kwa maneno.

Baada ya maziko nilimwuliza mjane anaendeleaje. "Nasikitika, shemeji, lakini sijuti," alisema. "Hapana neno jema nililotaka kumwambia nikaliweka." Maneno hayo yamenikaa. Jana nilimpigia simu rafiki yangu mmoja apigaye ngoma Likoni, nikamwambia kwamba kwa miaka mingi nimekuwa nikiufurahia mkono wake. Akaniuliza kama naumwa. Nikamjibu kwamba mimi mzima, naye mzima, na ndiyo saa yenyewe ya kuambiana.