Nailoni Haitolewi

Tangu biashara iwe ruksa, makochi ya Dubai yamejaa Dodoma hadi barazani mwa maduka. Juzi nilikuwa katika duka moja nikiulizia meza, akaingia mkubwa mmoja wa ofisini. Muuzaji, binti aliyesomea mapambo ya ndani miaka miwili katika chuo cha ufundi, akamwamkia, kisha akamuuliza sebule yake inapata jua upande gani.

"Nimekuja kununua, sikuja kuhojiwa," mzee akasema, akipapasa kochi lililofunikwa nailoni ya kiwandani. "Nailoni mnaiacha?"

"Ni vizuri itolewe, mzee. Kwa jua letu hili utakaa unatoka jasho."

"Ikitolewa, wageni watajuaje kama ni jipya?"

Mwenye duka akacheka pamoja na mteja wake, kisha akamrushia binti kitambaa cha vumbi. Binti akafuta ile nailoni, machozi yakimlengalenga.

Wazazi wake walimsomesha ajue namna watu wanavyokaa vizuri ndani ya nyumba. Nani angewaambia kwamba sebule zetu siku hizi hazikaliwi, zinaonyeshwa?

Akaingia mama mmoja. Binti akamwahi mlangoni.

"Shikamoo, mama. Karibu. Kwetu nailoni haitolewi."

Mwenye duka akaitikia kwa kichwa, ameridhika. Nadhani hapo ndipo binti alipohitimu.