Mama Ngoja na Taa ya Mafuta

Saa tatu asubuhi, fundi umeme wa magari amekaa kwenye kiti cha dereva cha gari la wagonjwa. Swichi imefunguliwa, injini kimya. Mikono iko mapajani, macho kwenye dashibodi. Anayepita atadhani amepitiwa na usingizi.

"Wenzangu wananiita Mama Ngoja," anasema bila kugeuka. "Waache. Na mimi nawaita Mabwana Haraka."

Anangoja taa ya mafuta iwake. Mafundi watatu wameshabadilisha balbu yake bila mafanikio, na mshale wa mafuta ulikufa zamani. Wiki iliyopita gari liliishiwa mafuta njiani likiwa na mama mwenye uchungu, na taa haikusema kitu. Mtoto alizaliwa salama kando ya barabara, lakini dereva, mwanamume wa makamo aliyesimama mlangoni, hana raha tena.

"Dada, mtu akilia nyuma, natazama taa badala ya barabara," anakiri. "Nimekuwa mwoga."

Ndani ya tangi mna kidude kidogo tu. Kikizama kwenye mafuta hubaki baridi. Mafuta yakishuka, kidude hukauka, kikapata joto taratibu kwa umeme unaopita ndani yake, ndipo taa huwaka. Polepole hiyo ndiyo iliyowashinda wengine, wasio na subira ya kungoja. Leo fundi amesafisha waya wake ulioliwa na kutu, amepunguza mafuta, kisha amekaa.

Kungoja kunamgharimu. Hulipwa kwa kila gari analotengeneza, na wenzake wakimaliza matano kwa siku yeye humaliza mawili. Ni miaka kumi na tisa sasa, na watoto wawili wamesoma kwa kujibanabana hivyo hivyo.

"Nikikaa hivi huwa naondoka," anasema, sauti imeshuka. "Naona barabara, miti inarudi nyuma. Kumbe niko palepale."

Leseni anayo, imelala sandukuni. Hajawahi kuendesha gari kupita geti la gereji.

Dakika ya tatu taa inawaka, hafifu kwanza, halafu manjano kamili. Dereva anafuta macho na wala haoni haya.

"Hapa tumesimama," anasema. "Njiani je?"

Basi wamekubaliana. Kesho asubuhi watatoka bila mgonjwa, na dumu la lita tano za mafuta ya akiba, waende mpaka taa iwake yenyewe. Dereva ametoa sharti moja: usukani ashike fundi, yeye akae nyuma alipolala yule mama.

Watafika wapi?

Mama Ngoja anacheka, mara ya kwanza asubuhi hii. "Sijui. Ila kesho sitaki iwake upesi."