Nilivyokula utafiti wa kaka yangu siku nne kabla ya Bwana Mkubwa kufika

Wakuu wa bweni, salaam.

Daftari la hadithi limenifikia leo. Aliyenitangulia ametuandikia uongo wa chui kurasa nne nzima. Mimi naandika kweli tupu. Nikiongeza chumvi, uji wangu wa kesho gawaneni.

Mnajua kwetu ni Mbamba Bay, ziwani. Kaka yangu Gervas, mtoto wa mama mkubwa, ni mtaalamu wa wadudu.

Si Bwana Shamba wa kupuliza dawa. Mtaalamu kabisa, na darubini yake.

Alianzia huku kwenu Umatengo na kunguni wa kahawa: wanakula nini, wanajificha wapi, baridi inawafanya nini. Baba zenu walidhani amerukwa na akili, mtu mzima anakaa kwenye mbuni siku nzima anamtazama kunguni. Sasa wakimwona wanavua kofia.

Likizo iliyopita alikuwa nyumbani kwa ajili ya nkungu.

Kwa ninyi wa mlimani: nkungu ni vidudu kama mbu wasiouma. Wanatoka ziwani wengi mno, kwa mbali utadhani maji yanaungua. Sisi tunawanasa kwa vikapu, tunawafinyanga, tunawakaanga. Msitapike, hata ninyi mnakula panzi.

Swali la kaka lilikuwa moja. Nkungu akishatoka majini, anakula nini?

Alikuwa amepasua matumbo mamia, yote matupu. Bwana Mkubwa wa utafiti, Mzungu, akamwandikia kwamba tumbo tupu si ushahidi, huenda wamekula wakasaga. Angefika na meli baada ya siku nne. Akiridhika, Gervas anapelekwa Ulaya kusoma. Asiporidhika, kaka atawahesabia wengine kunguni maisha yake yote.

Barazani kulikuwa na masinia mawili ya nkungu waliokaushwa. La kwanza, walionaswa wakitoka majini. La pili, walionaswa kesho yake kwenye miti.

Juu ya kila moja karatasi: SPECIMEN.

Mimi na Kiingereza changu mnachokijua, nikadhani ni jina la mtakatifu, kumbe ni sampuli za kumwonyesha Bwana Mkubwa.

Nikayapeleka jikoni kwa mama mkubwa. Akauliza, "Gervas amesema?" Nikajibu amesema.

Tukakaanga. Tukala.

(Nani ameandika "mwizi" hapa pembeni? Wewe unayetoka kijiji cha Ukata, mwandiko wako ni kuku aliyekanyaga wino. Subiri nimalize.)

Gervas akarudi. Akatazama masinia. Akanitazama mimi, midomo inang'aa.

Hakunipiga. Alikaa chini kwenye ngazi, kofia mkononi. Wakuu, afadhali angenipiga.

Mama mkubwa, hajui hili wala lile, akatoka jikoni analalamika.

"Wewe Gervas, siku nyingine niletee wa sinia la kwanza tu! Wale wanajikaanga kwa mafuta yao. Hawa wengine pumba tupu, wamenimalizia mafuta yote ya karanga."

Kaka akainua kichwa. "Mama, sema tena."

"Niseme mara ngapi? Mwanamke gani wa hapa asiyejua? Nkungu wa jana hana mafuta."

Kaka akaruka kama ameingiwa na siafu.

Maana yake mdudu hali kitu! Anaishi kwa mafuta aliyojiwekea akiwa kiluwiluwi majini. Yakiisha, naye kwisha.

Siku tatu hatukupumua. Tunanasa wapya, tunawapima, tunawaponda juu ya karatasi nyeupe. Wa siku ya kwanza, doa la mafuta kubwa kama senti kumi. Wa pili, doa dogo. Wa tatu, karatasi kavu. Kaka anaandika saa, upepo na mahali. Mponda nkungu ni mimi, mpaka vidole vikanuka kiasi kwamba mbwa alinifuata.

Bwana Mkubwa akashuka melini. Alizipanga zile karatasi barazani, akauliza maswali saa nzima. Gervas akajibu yote, Kiingereza kinatiririka.

Mwisho akauliza, wazo hili lilitoka wapi?

Nikajua nimekwisha.

Kaka akasema, "Kwa mama yangu, jikoni." Akamwita.

Mama mkubwa akaja anafuta mikono kwenye kanga. Mzungu anauliza, mwanawe anatafsiri, mama anajibu, Mzungu anaandika. Mama ambaye hajakaa darasani hata siku moja! Nilijisikia kifua kinataka kupasua shati.

Leo kaka yuko Ulaya anasoma mafuta ya wadudu. Mtoto wa Mbamba Bay, wakuu!

Siku ya kuondoka aliniita pembeni, nikasema fimbo yangu imefika. Akanipa kalamu ya risasi. "Siku nyingine ukila cha mtu, kipime kwanza."

Nilichojifunza: tunakuja shule kutafuta elimu, na nyingine tumeiacha inakaangwa nyumbani.

Haya, kurasa zipo. Likizo hii muulize mama yako jambo moja analolijua kwa mikono yake tu, uje uliandike hapa chini.

Nitalisoma. Naahidi sitalila.