Kiboko Aliyeng'atwa na Sista

Siku Sista alipomng'ata bata dukani, kichwa cha bata kilibaki mdomoni.

Lilikuwa duka la tano asubuhi ile. Alimtoa yule bata wa plastiki kwenye rafu, akamnusa, akamvuta shingo, akamgongagonga kwenye kaunta kama mtu anayesikiliza tikiti maji limeiva au bado. Halafu, mbele ya wateja watatu na mwenye duka, akatia meno.

"Mama!" mwenye duka akaruka. "Huyo bata ni wa kuchezea, si wa kula!"

Sista akatema kile kichwa kiganjani, akakiinua kwenye mwanga. "Mwanangu, mteja wako wa kweli ana miezi tisa. Yeye habari hiyo hajaambiwa."

Alitolewa nje kwa heshima, ile heshima ya kusukumwa taratibu kwa kiwiko. Alinisimulia mwenyewe jioni ile uani, maana mimi na yeye tunagawana ukuta mmoja na kamba moja ya nguo, na alicheka mpaka akaishikilia ile kamba asianguke, na mashuka yangu yote yakacheka naye.

Sista si jina lake. Ni jina alilotoka nalo kazini. Alikuwa nesi wa wodi ya watoto miaka thelathini na mmoja, na alipostaafu mtaa ukakataa kumstaafisha: hata mumewe, dereva mstaafu wa malori, humwita Sista akitaka kitu na Mama akitaka amani. Katika miaka hiyo aliona shanga zikitolewa puani, vifungo vikitolewa masikioni, gurudumu la kigari likitolewa kooni mwa binti aliyedai kwamba lilikuwa linatafuta gereji. Haya yote huyasimulia kwa vicheko. Kuna moja tu asilolisimulia akicheka, la mtoto aliyemeza betri ya mdoli wa kuimba. Mtoto alipona, lakini Sista alimshika mikono kwenye kile kitanda cha chuma kwa saa mbili, na mpaka leo mdoli akiimba popote yeye huondoka chumbani.

Ndiyo maana kwenye mkoba wake, kati ya miwani na leso, hukaa kile kibomba cha boksi kinachobaki karatasi ya chooni ikiisha. Chochote kinachopita humo, husema, kinaweza kumkaba mtoto. Amekitumia kibomba hicho kwenye sherehe za watu, kwenye nyumba za wageni, na mara moja kwenye hereni za mchumba wa mpwa wake, ambaye hajarudi tena kutusalimia.

Sasa binti yake alikuwa amejifungua pacha, mvulana na msichana. Wale viumbe walianza kutambaa siku moja, kama walioambizana, na kila walichokifikia walikipeleka mdomoni: kiatu, rimoti, mkia wa paka. "Mama, wanunulie kitu cha kuchezea," binti alisema kwenye simu, "kabla hawajala nyumba." Sista akaingia madukani. Akakuta dubu aliyefumuka mshono na kumwaga pamba, ngoma iliyobanduka rangi kwa ukucha, na mpira ulionuka mafuta ya taa. Kisha bata. Baada ya bata akaapa kwamba wajukuu wake watachezea vijiko mpaka waoe na kuolewa.

Aliyemtoa kwenye kiapo hicho ni mumewe, na hakukusudia.

Mzee alikuwa na kiti chake cha kuegemea kwa fundi seremala wa barabara ya nyuma. Kiti kilikwenda kuwekewa mguu mmoja na kilikuwa na mwezi wa nne huko. Yule fundi ana mikono ya dhahabu, lakini mtaa unamwita Fundi Kesho, kwa sababu hilo ndilo jibu lake kwa kila mtu, na hulitoa bila aibu, kama anayekutajia saa. Mzee akaamua kwenda kumfokea. Kwa kuwa yeye hajui kufoka, akamchukua mkewe.

Mimi niliwafuata. Mambo kama hayo hayaachwi yapite.

Karakana ilikuwa chumba kimoja kirefu chenye harufu ya mbao mbichi na gundi, madawati ya shule yamepangwa mpaka darini, na unga wa msumeno ukielea kwenye mwanga wa dirisha. Fundi alikuwa amekaa kwenye kigoda, mrefu, mkavu, penseli sikioni, akisubiri gundi ishike. Sista alikuwa tayari amefungua mdomo kufoka. Ulibaki wazi, ila sauti haikutoka. Mlango wa karakana ulikuwa umezuiwa usifungwe na upepo kwa kitu kidogo cha mbao, cha mviringo, kinene, chenye miguu mifupi.

Akainama akakiokota. "Fundi, hiki nini?"

"Kipande."

"Kipande cha nini?"

"Cha mbao."

"Na haya masikio?"

Fundi akajikuna shingo. "Ya kiboko."

Kumbe kila gundi inapokuwa inakauka, yule bwana huchonga. Chini ya meza kulikuwa na ndoo nzima: kobe, tembo, viboko, samaki mnene mwenye uso wa mtu aliyeshiba. Alikuwa akiwatumia kuzuilia milango na kuegemezea mbao. Hakuna aliyewahi kumuuliza, naye si mtu wa kusema asichoulizwa.

Sista akatoa kibomba. Kiboko hakupita, hakukaribia hata kupita. Akamnusa. Akavuta masikio, yalikuwa yamechongwa kwenye mbao ileile, hayakubandikwa. Kisha akamng'ata mgongoni, kwa nguvu, huku amefumba macho.

Fundi Kesho akamgeukia Mzee kwa sauti ya chini. "Baba, mama huyu hajala?"

"Amekula," Mzee akasema. "Hivi ndivyo alivyo."

"Huyu ni kiboko!" Sista akapiga kelele, na sote tukacheka, maana alikuwa kiboko kwa kila maana ya neno. Lakini hapohapo akaanza kutema mate. "Umempaka nini?"

"Vanishi."

"Mtoto atamlamba huyu kutwa nzima. Vanishi hapana. Usimpake kitu, msugue tu mpaka awe laini kama shavu. Na huyu tembo mkonga wake mwembamba, utavunjika. Na hapa pana ncha. Unaweza kunitengenezea watatu?"

"Naweza."

"Lini?"

"Kesho."

Tulicheka njia nzima mpaka nyumbani. Mzee alicheka zaidi yetu sote, cheko la mtu aliyekwenda kudai kiti akarudi na ahadi ya kiboko.

Kesho yake, saa moja asubuhi, mlango wao uligongwa. Fundi Kesho alikuwa amesimama kizingitini na mfuko wa kitambaa, ndani yake wanyama watatu, laini, weupe, hawana harufu yoyote ila ya mbao. Mtaa mzima ulichungulia madirishani kuona fundi aliyekuja siku aliyosema.

"Na kiti changu?" Mzee akauliza.

"Kesho," Fundi akasema, akaondoka.

Hapo Sista akaanza ukaguzi, na wiki ile hatukupata usingizi wa mchana. Aliwaloweka kwenye ndoo. Akawachemsha. Akawasugua na brashi ya sakafu. Siku ya tatu alimpandisha Mzee kwenye ngazi mpaka juu ya paa, penye tangi la maji, ili awaangushe mmojammoja, yeye akiwa chini na daftari.

"Mwachie kobe!"

Kobe akatua, akaruka, akatulia. Mzima. Watoto wa jirani wakashangilia.

"Mwachie samaki!"

Samaki naye mzima.

"Mwachie kiboko!"

Mzee alikuwa amenogewa. Badala ya kumwachia, akamrusha. Kiboko akapaa juu ya ukuta tunaogawana, akaingia kwenye beseni langu la nguo, na beseni likanimwagia maji yote ya sabuni usoni. Nilisimama pale natiririka, nimemshika kiboko, na nilitaka kukasirika, Mungu ni shahidi. Lakini huko juu ya paa Mzee alikuwa ameinua mikono kama aliyefunga goli, na Sista alikuwa amekaa chini kabisa, miguu ameinyoosha, machozi yanamtoka, hawezi hata kuandika.

Kiboko alikuwa na ufa mdogo kwenye sikio. Akarudishwa kwa Fundi. Fundi akapitisha ukucha kwenye ule ufa, uso ameukunja, nami nikafikiri atakataa kazi. Akasema, "Nilikata kinyume na nyuzi za mbao. Kosa langu." Akachonga mwingine pale pale, sisi tunamtazama.

Jumapili tukaenda kwa binti. Mkwe wa Sista ni mwalimu, kijana mpole, mwenye adabu mno kwa mama mkwe wake. Hata kukohoa mbele yake huomba radhi. Alikuwa amevaa ndala. Pacha wakawekwa kwenye mkeka, wanyama wakawekwa katikati, na watu wazima watano tukawakodolea macho kama tunaosubiri matokeo ya mtihani.

Msichana akamkamata kobe akaanza kumtafuna kichwa kwa furaha, mate yakimtiririka kifuani. Mvulana akamtazama kiboko. Akampapasa. Akamwinua kwa mikono miwili juu ya kichwa, akacheka, akamwachia kwenye kidole gumba cha mguu wa baba yake.

Uso wa mkwe ulipita rangi zote. Mdomo ulifunguka, na tuliona kwa macho neno likipanda, likafika kwenye meno, likamwona mama mkwe, likarudi.

"Hamna... shida... Mama," akasema. "Ni imara... sana."

Binti wa Sista akatoka mbio kwenda jikoni kutafuta barafu, lakini tulimsikia huko akicheka ndani ya jokofu. Sista alimfunga mkwe kile kidole kwa ustadi wa miaka thelathini na mmoja, huku mabega yake yakitikisika. "Nisamehe, baba," akamwambia. "Niliwapima kwa watoto. Nikasahau kuwapima kwa akina baba."

Basi Fundi akabadili mbao, akatafuta mti mwepesi, akapunguza tumbo la kiboko. Huyo ndiye aliyedumu. Pacha walilala naye, wakaoga naye, wakagombana kwa ajili yake mpaka ikabidi achongwe ndugu yake.

Habari haina mlinzi. Mwezi haukuisha, akina mama wa mtaa wa pili wakaja, kisha mwalimu wa chekechea, kisha baba mmoja mwenye tai aliyesimamisha gari na kuuliza kwa sauti ya siri, kama anayenunua magendo, "Hapa ndipo penye kobe?" Fundi akaacha kuwaficha wanyama kwenye ndoo, akawapanga kwenye rafu. Sista akawekewa kigoda chake na aproni, na hakuna mnyama aliyetoka bila kupita mikononi mwake. Fundi, ambaye maneno yake ya wiki yangeweza kuandikwa kwenye kucha, siku moja akapasha msumari motoni na kuchoma alama ndogo chini ya mguu wa kiboko: safu mbili za nukta, juu na chini, kama meno.

"Hiyo nini?" Sista akauliza.

"Ushahidi," Fundi akasema.

Tangu hapo watu wakija hawaulizi ni mbao gani au imetoka wapi. Humgeuza mnyama, hutazama mguu, huuliza, "Huyu ameng'atwa?"

Jumamosi moja Sista akatangaza siku ya wazazi. Karakana ikafagiliwa, mikeka ikatandikwa, watu wakajaa mpaka barabarani. Walitaka hotuba. Yeye akawaambia, "Vueni viatu, mpige magoti, mtambae. Usimnunulie mtoto kitu ambacho hujakiona kutoka pale anapokiona yeye."

Wakatazamana. Kisha mwenye tai akaitupa tai begani akashuka, akafuata mwalimu wa chekechea, nami nikajikuta chini, na muda si muda watu wazima thelathini walikuwa wakitambaa kati ya madawati, wakigongana vichwa, wakipapasa pembe za meza na kusema "Lo, hii ingemtoboa!", wakinusa makobe, wakicheka mpaka wanalala. Mama mmoja alimng'ata tembo. Mumewe akamwambia amwachie na yeye. Fundi Kesho alikuwa amejibanza ukutani, penseli sikioni. Pacha wa kike akamtambalia mpaka miguuni na kumvuta suruali, na yule mtu mrefu akajikunja kama rula ya seremala, kiungo kwa kiungo, mpaka chini.

Shughuli ilipokwisha, wote wakainuka, ila Sista.

"Magoti yangu," akatangaza kutoka sakafuni, "yamestaafu na mimi."

Mzee akamshika mkono mmoja, Fundi mwingine, wakavuta. Akainuka nusu, akaanza kucheka, akalegea, akawavuta wote wawili juu yake kwenye mkeka. Mkwe akaja kusaidia akichechemea. Sista akamfukuza kwa mkono. "Niacheni," akasema akihema. "Niacheni kwanza. Hapa pazuri."

Akalala chali, aproni imejaa unga wa mbao. Pacha wakamjia kwa kutambaa, kila mmoja na mzigo wake, wakaanza kumpangia wanyama tumboni, kobe, samaki, tembo, wakirudi kuchukua wengine. Kila alipocheka, tumbo lilitikisika na zizi lote likaanguka, na wao wakapiga makofi, wakaanza upya.