Kura Ishirini na Nne za Kumfukuza Msumari

Mwaka jana niligombana na mimi mwenyewe hadharani, watu wakajaa kushangilia.

Na hao waliokuwa wakishangilia, wote walikuwa mimi.

Msinicheke kwanza. Kaeni niwaeleze.

Mimi ni dobi wa hoteli. Ofisi yangu ni chumba cha chini kisicho na dirisha, chenye mashine tatu, pasi kubwa kama jeneza, na shuka zisizokwisha. Zamani tulikuwa wawili. Shuka la kitanda kikubwa hukunjwa na watu wawili, mmoja huku, mwingine kule, mnakutana katikati kama mnacheza dansi. Mwenzangu alipostaafu, hawakuleta mwingine. Nikapigilia kulabu mbili ukutani.

Siku hizi nacheza na ukuta.

Nyumbani nako ni sufuria moja, kikombe kimoja.

Ndipo nikaingia kwenye ule mtandao usio na tajiri mmoja. Kila kikundi kina mtambo wake wa kompyuta, wenyewe tunauita nyumba, na nyumba moja inaongea na nyingine. Yetu ilikuwa ya watunzi wa simulizi. Mwenye nyumba alikuwa mwalimu mstaafu wa hesabu, mama mmoja aliyeuweka mtambo juu ya kabati la vyombo. Unaweka hadithi, wasomaji wanapiga kura ya kuipandisha au kuishusha. Zinazopanda zinaonekana mpaka nyumba za jirani.

Yangu ya kwanza ilipata kura moja.

Ya kushusha.

Aliyeishusha alijiita Msumari. Chini akaandika: "Mlango umefunguliwa mara tatu, hakuna aliyeingia. Anza pale anapoingia mtu."

Niliishiwa pozi.

Kesho yake nikamzaa Bibi Kijiko. Akaunti mpya, picha ya kijiko, kura ya kupandisha. Nikamwandikisha: "Mwanangu, umenitoa machozi." Ajabu ni kwamba nilipoyasoma maneno yale nilifurahi kwelikweli.

Akafuata Daktari wa Kuku. Akafuata Mjane wa Ghorofa ya Tatu. Wakaongezeka mpaka wakafika ishirini na watatu, kila mmoja na tabia zake. Bibi Kijiko na Daktari wa Kuku walikuwa hawapikiki chungu kimoja. Wakizozana juu ya hadithi yangu, mimi ndiye naandika pande zote mbili, kidole gumba kinaniuma.

Siku moja mpishi wa hoteli akanikuta nacheka peke yangu wakati wa chakula cha mchana.

"Dobi, nani anakuchekesha?"

"Watu wangu."

"Una watu wewe? Hata ruhusa ya kwenda harusini hujawahi kuomba!"

"Wa kwenye simu, dada."

"Basi waambie waje wakusaidie kukunja."

Akabeba vitambaa vyake vya meza, akaenda zake. Nikarudi kwa watu wangu.

Ila Msumari hakubanduka. Kila hadithi anashusha, kila hadithi anaacha maneno yake makali. "Huyu mwanamke hana njaa wala haraka." "Kilio hiki umekiazima." Ile ya mwanamke aliyekwama kwenye lifti aliichambua mstari kwa mstari, mpaka nikahisi ananivua shati mbele za watu.

Nikasema, humu ni mimi au yeye.

Nyumba yetu ilikuwa na sheria kwamba mwanachama anaweza kutolewa kwa kura za wenzake. Nikapeleka hoja: lugha ya kuudhi. Ndiyo, ishirini na nne. Hapana, sifuri.

Kabla hajafungiwa, Msumari akaandika: "Sawa. Ila ile ya lifti usiiache. Ilikuwa inaelekea pazuri."

Nikaona ananikebehi. Nikawaita watoto wangu wote ishirini na watatu washangilie.

Wiki ya kwanza, raha mustarehe. Wiki ya tatu nikaona kitu. Kura ishirini na tatu. Kila hadithi, ishirini na tatu, haizidi hata moja. Bibi Kijiko akaanza kunichosha, maana najua atasema nini kabla hajasema.

Nikajikuta nangoja kushushwa. Hakuna aliyenishusha.

Mara ujumbe ukaingia kutoka kwa Mwalimu, yule mwenye nyumba.

"Dobi, hamjambo? Nasema hamjambo kwa sababu mko wengi."

Jasho likanitoka, na mashine zilikuwa zimezimwa.

"Mwalimu, sijakuelewa."

"Kura zako zinapanga foleni, mwanangu. Saa saba na dakika kumi mchana, Bibi Kijiko mbele, Daktari wa Kuku nyuma yake, mpangilio uleule kila siku kama watoto wa chekechea wanaopelekwa msalani. Mwenye mtambo anaona kila kura imetoka wapi. Nyumba za jirani wameona kabla yangu, wametufungia milango. Hatusikiki tena nje."

"Nisamehe, Mwalimu. Lakini si tuko wengi humu ndani? Tutasomana wenyewe."

Akanipigia hesabu:

"Tulikuwa thelathini na watatu. Ishirini na nne ni wewe. Saba hawajafungua mlango tangu mwaka juzi. Mmoja ni mimi, na mimi hadithi sisomi, napenda hesabu."

Nikajumlisha kwa vidole.

"Na huyo wa mwisho?"

"Ulimfukuza."

Mchana ule shuka moja lilinishinda kukunja.

Nikawafuta wote, mmoja mmoja. Bibi Kijiko nilimwacha wa mwisho. Na nilimuaga, jamani. Nilimuaga mtu asiyekuwepo.

Msumari nilimpata kwenye nyumba ya mbali. Kule mgeni anaandika barua kujieleza, wenyeji wanampigia kura kwa siku saba. Nikaandika kila kitu, kulabu za ukutani, kikombe kimoja, watoto ishirini na watatu, na kura ile ya kumfukuza.

Siku ya saba nikafungua. Kura ilikuwa moja.

Hapana.

Ya Msumari. Chini yake: "Nimeisoma mara mbili. Safari hii kuna mtu ndani. Lakini wewe bado sikuamini. Leta nyingine baada ya miezi sita."

Nilikaa juu ya lundo la shuka chafu nikacheka, mpaka kicheko kikageuka kitu kingine.

Ndugu zangu, nilichojifunza ni hiki: makofi unaweza kujipigia mwenyewe mpaka viganja viwake moto, lakini kusomwa lazima awepo mtu wa pili. Na huyo mtu wa pili ana haki ya kukataa. Ukimnyang'anya hiyo haki, umebaki peke yako.

Imebaki miezi miwili. Barua ya pili nimeshaianza.

Naiandika nikiwa mmoja.