Nilimkana Baba Mkwe Akiwa Uchi Barabarani

Kosa ni langu. Nalisema mapema asije mtu akamsingizia Mchina, au shetani, au joto la Guangzhou. Ni mimi niliyemvua nguo baba mkwe wangu, na ni mimi niliyemkana mbele ya polisi.

Ilikuwa miaka ile ya elfu mbili na kitu, biashara ya China ilipochanganya, kila mtu Kariakoo anataka mzigo kutoka Guangzhou. Mimi nilikuwa huko mwaka wa nne. Nilikuwa na kiofisi cha kushirikiana na wenzangu pale Tianxiu, jengo la wafanyabiashara wa Kiafrika, na Kichina cha sokoni nilikuwa nakimwaga. Nikajiona mwenyeji!

Baba mkwe akaja. Mzee wa miaka sabini kasoro, mwenye duka la madaftari na kalamu, mtu wa kanzu iliyopigwa pasi na maneno machache. Ndiye aliyenipa binti yake wakati ndugu zake wote wanasema mimi mhuni. Alisema, "Nimemwona, anafaa." Ikawa basi. Safari hii alitaka aone kwa macho yake ninapofanyia kazi, na anunue mzigo wa kufungulia shule.

Nikamzungusha Yide Lu, mtaa wa maduka ya jumla, siku tatu, duka hadi duka. Nikamkutanisha na laobani mmoja, yaani bosi, mwenye kiwanda cha madaftari. Huyo nilikuwa namnyemelea miezi anipe uwakala wa Tanzania nzima. Laobani akampenda mzee, akasema mchana ule anatukaribisha bafuni. Kwao kumpeleka mgeni kwenye bafu la pamoja ni heshima. Wanaume wanaoga, wanakandwa, wanakunywa chai, na biashara inaisha humo humo.

Nilishawahi kwenda. Nilijua mle ndani wote wako uchi wa mnyama.

Mzee akaniuliza, "Huko bafuni watu wanajisitiri?"

"Wanajisitiri, baba. Ni kama hamamu za Uarabuni. Kila mtu na taulo lake kubwa."

Jamani, ulimi wangu! Nilijua nikisema kweli haendi, na asipokwenda laobani atanuna. Nikajipa moyo kwamba akishafika atazoea.

Tukafika. Wahudumu wakachukua viatu, kisha nguo, wakafungia kabatini, funguo wakatuvisha mkononi kama saa. Mzee naye alikuwa ameshavua, anasubiri lile taulo kubwa nililomwahidi. Wakampa kitaulo cha kufutia uso. Mbele yetu laobani, kitambi mbele, hana hata uzi, anatuita. Mimi nilishavua zote haraka haraka nisionekane mshamba. Nilipogeuka, mzee alikuwa ananitazama.

Mkwe na mkwe, uchi! Mtu ambaye hata kula naye sahani moja nilikuwa naona haya.

Akageukia ukuta. "Mwanangu, uliniambia nini?"

Hapo ndipo ningepiga magoti. Badala yake nikamtania. Utani na mkwe! Nikamwambia, "Baba, mficha uchi hazai," nikacheka. Laobani akauliza mzee anasemaje. Nikamjibu kwamba amefurahi sana.

Mzee alijiziba na kile kitaulo, akatoka. Nilidhani anarudi kuchukua nguo. Kumbe alishindwa kufungua kabati, wahudumu wakawa wanamsemesha Kichina na kumvuta mkono arudi ndani. Akawakwepa, akashuka ngazi, akajikuta barabarani, saa tisa alasiri, jua linawaka.

Guangzhou wakati wa joto utaona wanaume wamekaa nje vifua wazi na hakuna anayejali. Lakini uchi wenyewe hadharani sheria yao hairuhusu, mtu anawekwa ndani siku kadhaa. Mle bafuni ruhusa, hatua tatu nje ya mlango kosa. Watu wakajaa. Simu za kamera ndiyo kwanza zimeingia, wakawa wanampiga picha mzee wa watu, anajiziba mbele, anajiziba nyuma.

Nilipofika chini na joho la bafu, polisi walishakuja. Laobani yuko nyuma yangu, uso umemwiva. Askari akaniuliza, "Huyu ni wako?"

Nikamwangalia laobani. Nikasema, "Bu renshi." Simjui.

Mzee hakujua Kichina hata neno moja. Lakini aliniona nikitikisa kichwa.

Aliyemsitiri ni mama mmoja mfagizi wa pale. Alichukua ufunguo mkononi mwa mzee, akaja na kanzu yake, akamfunika. Mtu baki kabisa! Polisi wakamchukua. Pasipoti yake ilikuwa kwenye begi langu, alinipa mwenyewe nimtunzie. Nami nikarudi ndani nikanywa chai na laobani. Nilikunywa chai!

Asubuhi yake nikamtuma mwanafunzi mmoja Mtanzania apeleke pasipoti na kumsemea. Wakamwachia, kwa kuwa ni mtu mzima na mgeni. Nilipomwona, mzee aliniuliza jambo moja tu: "Mzigo unafungwa lini?"

Uwakala nikapata. Watoto wangu wamesomeshwa nao.

Mzee hakumwambia mtu, hata binti yake. Kila nikija likizo, "Shikamoo baba," "Marahaba," imeisha. Wajukuu anawapakata, mimi hanitazami. Nikawa najiambia nitamwomba radhi Idi hii. Ikipita, Idi ijayo. Miaka ikakatika hivyo hivyo, mjinga mimi!

Mwaka juzi akafariki. Nilifika wanaandaa maji ya kumwosha. Nikakunja mikono ya shati niingie na wanawe. Shemeji yangu mkubwa akanizuia mlangoni, mwenyewe kachanganyikiwa.

"Samahani, shemeji. Mzee kaacha wosia, wewe usiingie. Kasema usimwone." Kisha akaninong'oneza, "Kwani kulikuwa na nini?"

Nikamwambia sijui. Nikamkana tena, na maiti yake iko nyuma ya pazia.

Mke wangu naye akaniuliza. Nikamwambia labda ugonjwa ulimvuruga mzee akili, akawa hajui asemalo. Alilia sana, na mimi nikambembeleza.

Ndugu zangu mnaowapeleka wazazi ugenini, mwambieni mzee ukweli akiwa bado na nguo zake mwilini, akitaka kukataa akatae. Mkiulizwa kama mnamjua, semeni mnamjua, na biashara iende zake. Na radhi iombeni siku ile ile, hata kama mnatetemeka.

Na wewe mke wangu, kama umesoma mpaka hapa: baba yako alikufa na akili zake timamu.